Loki Habu Kabla ya Matope

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa madereva wa magari ya fowili, yaani yale yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne. Wengi ambao hawakufika wameiomba, kwa hiyo nimeiandika yote kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha.)

Wazee, shikamooni. Vijana, habari zenu. Ndugu zangu madereva, na nyinyi mafundi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana leo na nyinyi nitawasema kidogo.

Nianze na swali. Wangapi hapa mna gari lenye habu za friwili, zile zenye kitufe cha kuzungusha katikati ya gurudumu la mbele, upande mmoja kimeandikwa FREE na upande wa pili LOCK? Inueni mikono. Asanteni. Sasa abaki na mkono juu yule tu aliyezigusa habu zake ndani ya mwezi huu. Eeh! Naona mikono inashuka. Shusheni tu, hatuandiki majina.

Hiyo mikono iliyoshuka ndiyo iliyonileta hapa. Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mlichoke: habu ikilokiwa haidhuru gari. Kinachodhuru gari ni mkono wa gia ya fowili ukiwekwa mahali pasipo pake. Watu wamevichanganya vitu hivi viwili, matokeo yake wanaogopa kisichotisha na kuchezea kinachotisha.

Tuelewane kwanza kuhusu kilichomo ndani. Gari la fowili ya kuchagua, yaani lile ambalo kwa kawaida linasukumwa na magurudumu ya nyuma na unaliongezea ya mbele unapotaka, lina transfa nyuma ya gia boksi. Transfa ndiyo inayogawa nguvu: propela moja, ule mhimili mrefu chini ya gari, inakwenda nyuma, nyingine inakwenda mbele. Propela ya mbele inazungusha difu ya mbele, ile gia inayogawa mzunguko pande mbili, difu inazungusha shafti mbili, kulia na kushoto, na mwisho wa kila shafti ndipo ilipo habu. Ukiweka FREE, gurudumu linazunguka juu ya beringi zake lenyewe, shafti imetulia. Ukiweka LOCK, ndani kuna kipete chenye meno kinachosogea na kukamata shafti na habu kwa pamoja, vikawa kitu kimoja. Mmeendesha baiskeli mteremkoni bila kukanyaga? Gurudumu linakwenda, pedeli zimetulia. Basi FREE ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hapa unaamua mwenyewe kwa mkono.

Kwa nini mtu alihangaika kubuni kitu hiki? Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Jeep zilikuwa zimetengenezwa kwa wingi wa ajabu, zaidi ya 600,000 kutoka kwa Willys na Ford. Nyingi ziliuzwa kwa raia. Mkulima akanunua, akaitumia shambani, akaitumia na barabarani. Shida ni kwamba Jeep ile, hata mkono wa fowili ukiwa umetolewa, magurudumu ya mbele yaliendelea kuburuta shafti, difu na propela kila inapokwenda. Kelele, mtetemo, oili sili (mipira inayozuia oili isivuje) kuchakaa bila kazi yoyote. Mwaka 1948, huko Seattle, Marekani, Arthur Warn alianza kutengeneza habu za kuloki kwa ajili ya Jeep hizo, ili kwenye barabara nzuri ekseli ya mbele ipumzike. Jina lake bado limeandikwa kwenye habu na winchi mpaka leo.

Angalieni basi kusudio lake. Ni kupumzisha ekseli ya mbele kwenye safari ndefu ya lami. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, kelele inapungua, krosi, yaani jointi, za propela zinadumu, mafuta yanapungua kidogo. Nasema kidogo! Anayekuambia habu zitakupunguzia nusu ya mafuta, muulize kama ana duka la habu.

Sasa tuingie kwenye matope.

Tulikuwa kwenye msafara, mvua imenyesha usiku kucha, na mbele yetu kuna kipande cha udongo wa mfinyanzi kisichofika hata mita mia. Dereva wa gari la tatu ni mzoefu, mtu wa maneno mengi. Nikamwambia, "Kaka, loki habu." Akanijibu jibu ambalo nusu ya watu humu ndani mmewahi kulitoa: "Nitaloki nikikwama." Kwa nini usubiri? "Naogopa kuharibu difu."

Aliingia. Akakwama. Akazama mpaka ekseli. Niambieni, ndugu zangu, wakati huo kitufe cha habu kiko wapi? Kiko chini ya matope! Ndugu yetu akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa viganja, tope linateremka tena pale pale alipolitoa. Akakisikia kitufe cha kulia kwa vidole, akakifuta kwa mkono wa shati, akakizungusha. Cha kushoto hakukifikia, gari limelalia upande huo. Akasimama, akasema, "Moja inatosha." Akapanda, akavuta mkono wa fowili, taa ya kijani kwenye dashibodi ikawaka, akatuonyesha dole gumba.

Moja inatosha? Haitoshi, wala haisaidii hata kidogo. Difu ya mbele ya kawaida hupeleka mzunguko upande wenye upinzani mdogo. Upande wa kushoto shafti haijashikana na chochote, inazunguka bure ndani ya habu. Basi difu inaizungusha hiyo, na gurudumu la kulia lililolokiwa linakaa kimya. Habu moja ni sawa na hakuna. Na ile taa? Taa inasoma transfa. Haijui lolote kuhusu habu. Unaweza kuwa na taa inawaka, mkono uko 4H (fowili ya gia nyepesi), propela ya mbele inazunguka kwa furaha, na magurudumu ya mbele hayapati kitu.

Lakini hakuishia hapo. Alipoona gari halitoki, akaweka 4L, ile gia nzito. Hapa naomba mafundi mnisikilize, maana nyinyi ndio mnaoletewa vipande. Gia nzito huongeza nguvu ya kuzungusha mara mbili, kwa magari mengine hata mara mbili na nusu. Nguvu hiyo ilikusudiwa kugawanyika mbele na nyuma. Habu zikiwa FREE, au moja tu imelokiwa, nguvu yote inabebwa na ekseli ya nyuma peke yake. Akakanyaga mafuta, gurudumu la nyuma likapata jiwe, likashika ghafla. Tukasikia mlio mmoja mkavu. Shafti ya nyuma imekatika.

Mnaona alivyoogopa kuharibu difu?

Tulimvuta kwa winchi, tukamfikisha kwenye ardhi ngumu. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa ya aina ambayo gurudumu hubebwa na nyumba ya ekseli na siyo na shafti, kwa hiyo gurudumu halikuwa na hatari ya kuchomoka. Shafti iliyokatika ikachomolewa, tundu likazibwa oili isimwagike, habu zote mbili zikalokiwa, mkono ukawekwa 4H, gari likarudi nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele. Na kinyume chake ni kweli pia: ikivunjika jointi ya shafti ya mbele, unaweka habu zote FREE, mkono 2H (magurudumu ya nyuma tu), unarudi na nyuma peke yake, mradi kipande kilichovunjika hakijabanana na usukani. Mimi hii ndiyo faida ya habu ninayoithamini kuliko zote, kuliko hata mafuta: unaweza kukata ekseli moja nje ya kazi ukiwa porini, bila spana.

Kwa hiyo utaratibu ni upi? Unapoiacha lami, kabla hujaona matope, simama mahali pakavu na tambarare. Shuka. Loki kulia, loki kushoto, hakikisha mishale yote miwili imefika mwisho. Rudi ndani, endelea na safari ukiwa 2H. Nasisitiza, 2H! Habu zimelokiwa, mkono haujaguswa. Gari linakwenda kama kawaida, shafti za mbele zinazungushwa tu na magurudumu yake. Ukiona utelezi mbele, unasukuma mkono kwenda 4H papo hapo, na kwa magari mengi unaweza hata likiwa linatembea kwa mwendo wa wastani na usukani umenyooka, kwa sababu propela ya mbele tayari inazunguka. Kitabu cha gari lako kitakuambia mwisho ni mwendo gani. Ukipita, unarudisha 2H. Habu ziache zilivyo mpaka urudi kwenye lami, hata kama ni wiki nzima. Na ukisahau ukafika nazo mjini zikiwa zimelokiwa, umepoteza nini? Mafuta kidogo na utulivu kidogo. Basi!

Sasa nije kwa kinachotisha kweli, nacho ni mkono wa fowili kwenye lami kavu.

Mama mmoja alinipigia simu akiwa kwenye maegesho. Anasema gari likikata kona linajikwaa, tairi zinalia, usukani mzito, na mkono wa fowili umegoma kutoka. Pembeni yake alikuwa amesimama mtu aliyekwishamshauri kwamba tatizo ni habu, azing'oe. Nikamuuliza, "Mama, umekata kona ngapi ukiwa kwenye 4H?" Akasema, "Tangu nimetoka kwenye vumbi sijaibadilisha."

Kilichotokea ni hiki. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Gari la fowili ya kuchagua halina difu katikati, transfa imefunga propela mbili zizunguke sawasawa. Mbele panataka kwenda zaidi, nyuma panakataa. Kwenye mchanga au tope, tairi moja inateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu hakuna kuteleza, kwa hiyo msongo unajaa ndani ya shafti, propela na meno ya transfa, kona baada ya kona. Ndipo mkono unabanwa, hautoki hata uuvute kwa mikono miwili. Habu zikiwa kwenye hali hiyo nazo hazigeuki, na ukilazimisha utavunja kitufe.

Nikamwambia anyooshe usukani, arudi nyuma taratibu mita chache. Nikasikia kwenye simu "tak!", mkono umetoka. Kama isingetosha, ningemwambia arudi tena huku akizungusha usukani upande wa pili. Kuna watu huinua gurudumu moja kwa jeki ili msongo uachie. Inafanya kazi, lakini gurudumu linaweza kujizungusha kwa ghafla linapoachia, mikono na sura viwe mbali.

Kosa lilikuwa la habu? Habu zilikuwa zimelokiwa na hazikuwa na kosa. Mkono ndio uliokuwa mahali pasipo pake.

Kuna wajanja humu watasema, "Basi mwalimu, kwenye lami naweza kuweka 4L na habu FREE, nipate gia nzito ya nyuma tu, nirudishe trela taratibu." Ndiyo, inawezekana, na ni mbinu nzuri ya kusogeza trela kidogo kidogo bila kuunguza klachi. Lakini kwa mguu mwepesi. Ukianza kuvuta kwa nguvu, umerudi kwa yule ndugu wa matope.

Niguse mteremko, maana hapa watu hupotea bila kujua sababu. Tukishuka mlima wenye kokoto, tunatumia nini kuzuia gari? Injini! 4L, gia ya kwanza, mguu mbali na klachi. Sasa mwenzetu mmoja alishuka hivyo na habu zikiwa FREE. Alidhani ana fowili. Breki ya injini ilikuwa inashika magurudumu ya nyuma peke yake, na kwenye mteremko uzito wote umehamia mbele, nyuma ni pepesi. Nyuma ikaanza kuserereka, gari likageuka ubavu, likasimama likiwa limekaa mshazari kwenye njia. Alipona kwa sababu njia ilikuwa pana. Habu zingekuwa LOCK, mbele kwenye uzito ndiko kungekuwa na mshiko.

Na breki ya mkono nayo. Magari kadhaa ya zamani, Land Rover za Series zikiwemo, breki ya mkono inashika propela ya nyuma kwenye transfa, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande mwingine, na gari linatembea likiwa juu ya jeki huku breki imevutwa! Mwenye gari la aina hiyo, kabla ya jeki, loki habu, weka fowili, kisha kabari kwenye tairi. Kabari usiiruke hata siku moja.

Habu za kujiloki zenyewe nitazipitia haraka, sizipendi sana na sitaficha. Nyingi za zamani zinashika pale unapoweka fowili na gari likaanza kusogea, na zinaachia ukirudisha 2H kisha ukarudi nyuma mita moja au mbili. Ukitoka mbele kwenda nyuma ukiwa umekwama, unayumbisha gari ili litoke, baadhi yake zinaachia na kushika upya kila ukibadili, wakati ambao hutaki ziachie. Nyingine zinavutwa kwa vakyumu, yaani mfyonzo wa hewa, kama za Suzuki Jimny ya kizazi cha tatu. Mpira wa vakyumu ukipasuka au sili ikivuja, umekaa na taa tu na mbele hakuna kitu. Zipo pia zenye AUTO na LOCK, kama za baadhi ya Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70: hizo ukijua unaingia pagumu, chukua spana yake uweke LOCK, usitegemee AUTO.

Mwisho ni utunzaji, na hapa ndipo nilipoahidi kuwasema mafundi.

Kitufe cha habu ya mkono kinageuzwa kwa mkono. Siyo kwa praiza. Siyo kwa nyundo na bisibisi. Weka kiganja, kandamiza vidole kwenye zile mbavu, zungusha. Kikiwa kizima utasikia upinzani laini wa springi, halafu kituo. Kikigoma katikati, meno hayajapangana. Sogeza gari mbele au nyuma nusu mzunguko wa tairi, jaribu tena. Kikigoma kila siku, tatizo liko ndani, na mara nyingi ndani kuna nini? Grisi! Fundi amejaza grisi habu nzima kama yuko kwenye beringi. Kile kipete kinatakiwa kiteleze juu ya meno kwa nguvu ya springi ndogo. Grisi nzito ikikaa pale, hasa asubuhi ya baridi, springi haiwezi kuisukuma. Unaona mshale uko LOCK, ndani kipete kimefika nusu, meno yanashikana kwa ncha, siku ya siku yanakatika. Paka utando mwembamba kwenye sehemu zinazoteleza. Beringi ndizo zinazojazwa grisi, habu hapana.

Ukivuka maji ya kina, fungua kifuniko siku hizo hizo uangalie. Habu iliyopata moto wa safari ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili iliyochoka. Grisi ikibadilika rangi, ikawa nyeupe-nyeupe, maji yameingia. Safisha yote, badilisha gasketi na oringi. Kaza pia zile nati zinazofunga habu kwa kipimo cha kitabu. Zikilegea, nguvu yote inabebwa na bolti, na bolti hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na ekseli inayopumzika sana inakauka. Vitabu vya Toyota husema uitumie fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili sehemu za mbele zipate ulainisho. Kwa Land Rover za Series II na III, pini ya juu ya usukani, pale gurudumu la mbele linapogeukia, hulainishwa na oili inayorushwa na jointi ikizunguka. Ukikaa mwaka mzima kwenye FREE, pini hiyo inakwenda kavu. Kuloki tu na kutembea kwenye 2H kunatosha kuzungusha oili, wala hukuhitaji matope. Sasa mmejua kwa nini niliuliza kuhusu mwezi huu.

Kuna karatasi imeletwa hapa mbele: "Gari langu ni fowili ya muda wote, je, nifunge habu hizi?" Kama ni Land Rover ya kuanzia One Ten ya mwaka 1983, au gari lolote lenye difu katikati, jibu langu ni usiharakishe. Ukiachia habu za mbele kwenye gari hilo, difu ya katikati itapeleka mzunguko wote mbele kwenye shafti zisizoshika kitu, na gari halitasogea hata hatua moja. Itabidi uloki difu ya katikati muda wote, na hapo ekseli ya nyuma inabeba mzigo wote ambao ilizoea kugawana. Vipo vifaa vya kubadilisha transfa kabisa iwe ya kuchagua, hilo ni jambo jingine na lina gharama zake. Ila kubandika habu tu kwa sababu zinapendeza, acha.

Maswali mengine tuyamalizie nje, magari yakiwa mbele yetu. Mwenye kitufe kilichogoma aje na gari lake pale kwenye changarawe. Praiza ziacheni humu ndani.